Nilikata simu ya Masika juu ya zahabu ya ku écran

Admin, ficha jina yangu, hata quartier ninapokaa usiitaje. Hapa Butembo batu bananijua sana, na leo kwa mara ya kwanza sipendi banijue.

Niko na miaka makumi tatu na moja, bibi sina bado, natumika trading, kununua na kuuzisha zahabu ku simu. Masomo niliachia katikati ya secondaire, mais nikianza kueleza bei ya zahabu ya dunia, hata baprofesa bananyamaza. Labda bananyamaza juu habaelewi kitu. Asubuhi niko na soko ya London, kisha saa nane niko na ya New York, na viatu vyangu vinangaa hata wakati wa matope. Njo vile batu ba Butembo na ba Beni balianza kuniletea feza yabo.

Musikie vile nilikuwa nafanya. Broker, ile kampuni ya ku internet inayofungua compte ya kununua na kuuzisha, inataka kila compte ikuwe na jina ya mwenyewe, na code inaingia tu ku simu ya mwenyewe. Donc simu za batu zilikuwa zinabakia kwangu. Nilizipanga ku meza kama sahani za arusi, na kila moja niliifunga kipande cha kitenge cha mwenye simu, nisichanganye. Nikinunua zahabu ku moja, nanunua ku zote, mbiombio, kidole kinaruka kama cha mupiga gita.

Mama Masika alikimbia vita kule Alimbongo, akafika kwetu na batoto badogo. Mi mwenyewe nilimupa chumba ya nyuma, bure, hiyo Mungu anaona. Binti yake mukubwa, Masika, balipoteana mu njia siku masasi ilianza. Mama alikuwa na feza kidogo ya mbuzi aliouzisha mbele ya kukimbia. Nikamuambia, "Mama, hiyo feza ikilala itakufa. Nipe niifundishe kutembea." Akacheka. Mais simu yake alinipa polepole, kwa mikono mibiri.

"Mutoto wangu, hii namba Masika anaijua kwa kichwa. Akipiga, utaniita?"

"Mama, mi ni secrétaire yako. Hata raisi akipiga, nitamungojesha nikuite."

Siku moja, saa nane na nusu ya muchana, ilikuwa ile saa Baamerika banatangaza habari ya dola yabo, na bei inaruka kama mbuzi iliyokata kamba. Nilikuwa nimenunua ku compte zote, sasa nafunga, nauzisha moja moja kabla bei ishuke. Kufika ku simu ya Mama Masika, namba nisiyoijua ikaita, ikafunika écran, kioo chote cha simu. Nikakata. Ikaita tena. Nikakata. "Huyu mutu hana kazi?" Ikarudilia, nikaizuia ile namba kabisa, isiingie tena. Nikafunga trade. Bote bakapata faida. Nilipiga kelele ya furaha mupaka jirani akazani mwizi ameingia.

Jioni nikanunua nyama, Mama akapika na sombe, majani ya muhogo. Akauliza kama kila siku, "Simu hapana kuita?"

"Kimya, Mama." Nilisema hivyo na kinywa kimejaa nyama aliyopika. Nilikuwa nimesahau, ao nilipenda kusahau, mi mwenyewe sijui.

Asubuhi njo niliona message, ilikuwa imeingia kabla nizuie namba. "Mama ni mimi Masika. Niko Butembo ku parking. Munaishi wapi? Nimeomba simu ya mutu."

Nikapiga. Muuzaji wa crédit ya simu ku parking akajibu na hasira.

"Njo sasa munapiga? Binti alisimama hapa mupaka camion ya Beni ikawasha moteur. Alisema mama yake hawezi kumukatia simu, donc mama alikufa, simu iko na mwizi. Akapanda, akilia."

"Alivaa nini?"

"Kitenge ya bluu, ndege za manjano."

Nikaangalia simu mu mukono yangu. Kile kipande nilichofunga kilikuwa bluu, na ndege ya manjano katikati. Mama na binti balikata kitenge kimoja. Na parking, bandugu, kutoka kwetu unaenda na miguu, chai yako haijapoa.

Nimeenda Beni, nikamudanganya Mama kama naenda kuona client. Niliuliza ku parking, ku paroisse kwa mapadri, fasi bakimbizi banalala. Bengine banafika, bengine banakimbia tena, nani ataangalia kitenge ya mutu? Nilirudi mikono mitupu. Na siri yangu ni hii: sikumuambia Mama juu nilitaka nimupate Masika kwanza, niingie naye mu parcelle yetu kama shujaa. Munaona? Hata mu haya yangu, bado natafuta batu banipigie makofi.

Simu nimerudishia benyewe zote, pamoja na feza yabo. Ya Mama pia. Ile namba niliyozuia nimeifungua. Analala nayo chini ya muto, na kila asubuhi ananiambia, "Mungu akubariki."

Jana alinikuta ku mulango. "Mutoto wangu, nimechoka kungoja. Nimeongea na katekista, jumapili bamuombee Masika pamoja na benye balikufa. Wewe njo utasoma jina yake. Unajua kusema mbele ya batu."

Nikajibu, "Sawa, Mama." Akanishikisha karatasi yenye jina ya Masika.

Sasa binti anaamini mama alikufa, mama anaamini binti alikufa, na mutu mumoja tu njo anajua vile ilikuwa. Ninyi ba Beni, mukiona ile kitenge ya bluu, mumuambie Masika mama eko muzima, eko Butembo, apige namba ya mama anayoijua kwa kichwa, haitakatwa tena. Na ninyi bote munishauri. Nikikaa mbele ya yule mama, nianze na neno gani? Mufanye mbio. Jumapili nikisimama kanisani na ile karatasi, nitakuwa nimemukatia Masika mara ya pili.