Shamba la Mama Valeria

Shirika letu la Kasulu hukopesha pampu za umeme wa jua bila kutafuta faida, na Loyce ndiye anayesimamia ufuataji wa sheria na kanuni. Sharti lake moja liliwachosha maafisa mikopo: hakuna mteja kutia saini kabla ya kusomewa mkataba wote kwa Kiha, lugha ya wenyeji wa huku.

“Dada Loyce, huyu mama anajua Kiswahili,” Nickson, afisa mikopo, alilalamika siku aliyomleta Mama Valeria, mkulima wa Busunzu. “Tutalala hapa?”

“Anajua cha sokoni. Cha mkataba hata wewe kinakushinda,” Loyce alijibu, akaanza kusoma.

Alipofika kwenye dhamana, Mama Valeria alimshika mkono. “Mwanangu, umesema shamba? Mimi nilidhani nikishindwa kulipa mnachukua pampu.”

Ndivyo kanuni zetu zinavyotaka. Nickson alikuwa ameandika shamba kwa mazoea ya benki alikotoka. Mkataba ukaandikwa upya.

Mwaka uliofuata mvua ya mawe iliharibu maharage ya Mama Valeria. Alishindwa kulipa, pampu ikarudi kwetu, shamba likabaki lake.

Msimu huu alimletea Loyce debe la maharage. Loyce alilikataa kwa upole, maana wafanyakazi hatupokei zawadi za wateja.

“Basi njoo ule nyumbani.”

“Chakula nacho ni zawadi, mama. Ila kutembea shambani sijakatazwa.”

Jumapili alikwenda. Mama Valeria alimshika mkono, wakalizunguka shamba lote.