Namba ya Wifi Devota Kliniki

Simu ya Restuta ilizama kwenye ndoo ya maji shambani Makutupora, wiki ileile aliyoanza dawa. Kwa hiyo siku Sista Anjelina wa kliniki alipomwomba namba, akataja ya wifi yake, Devota, bila kufikiri. Nyumba nyingi za mtaani kwao Miyuji huishi hivyo. Mtoto akiandikishwa shule, namba ya wifi. Mbolea ikiagizwa, namba ya wifi. Mwenye simu inayokaa na chaji ndiye posta ya ua mzima.

Maelezo ya sista aliyasikia nusu. Kuna mradi: miezi sita ya kwanza, anayefika kwenye tarehe yake anaweka kidole kwenye mashine, na elfu ishirini inaingia kwenye simu. "Ni ya nauli na ya kibarua ulichoacha siku hiyo," sista alisema. "Ukipitiliza siku nne, dawa utapata, pesa ya mwezi huo hupati." Restuta akaitikia. Kwamba itaingia kwenye simu ya nani, hilo halikumpita kichwani.

Jioni Devota akaja, simu mkononi. Devota ni dada mkubwa wa Matonya, marehemu mume wa Restuta, na chumba anacholala Restuta ni cha ukoo huo. Matonya alipokufa walisema kifua, na msiba mzima ukakubali kifua. Restuta alijua siku likitajwa jina la ugonjwa wenyewe, watasema yeye ndiye aliyemletea, na vyombo vyake vitakuwa nje kabla ugali haujapoa.

"Wifi, nimetumiwa elfu ishirini na watu nisiowajua."

"Ni yangu."

"Ya nini?"

"Ya kikundi. Cha miche ya zabibu."

Devota akaenda kwa wakala, akamletea elfu ishirini kamili, hata ya kutolea hakukata. Hapo ndipo Restuta alipoanza kuogopa. Devota hukata ya kutolea hata kwenye mchango wa kwaya.

Mwezi wa pili pesa ikaingia tena.

"Kikundi gani hiki kinamlipa mwanachama?" Devota akauliza. "Mimi vyote nilivyoingia nalipa mimi. Na miche yenyewe mbona hatuioni? Mwezi ujao twende wote."

"Wamefunga kuandikisha."

"Wataniandikisha. Hawajanijua bado."

Tarehe ya mwezi wa tatu ikafika, na Devota akaamka amevaa gauni la Jumapili. Restuta akasema mkutano umeahirishwa, akaenda kuchuma zabibu. Kesho yake Devota amevaa tena. Keshokutwa vilevile, na safari hii amejipaka mafuta. Wakati huo chupa ya Restuta, iliyofichwa ndani ya gunia la mtama, ilikuwa na vidonge viwili. Sista humwongezea vichache vya akiba kila mwezi, na akiba ndiyo hiyo aliyokuwa anaila.

Siku ya nne kilibaki kimoja. Angeweza kukimeza, kwenda shamba, na kesho kuanza kutafuta uongo mwingine. Alikwishaona wanaofanya hivyo. Hukosa tarehe moja, huona aibu kurudi, na aibu ikishamaliza mwezi mtu harudi kabisa. Akafunga kanga.

"Twende basi, wifi."

Walipokata kona ya kituo cha afya, Devota alipunguza mwendo. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kadi mikononi. Restuta akaketi mwisho wa foleni, akasubiri kusikia matusi.

Devota alisimama muda mrefu akiangalia benchi la karibu na mlango.

"Matonya alikuwa anakaa lile," alisema. "Nilimleta mimi. Mara mbili. Ya tatu akasema siku ya kibarua haipotezwi kwa kukaa foleni."

Restuta akamtazama. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua ya mdogo wangu. Yako ndiyo unanifundisha leo." Akakaa, akamsukuma kidogo kwa kiuno ili apate nafasi. "Miche ya zabibu. Huna haya. Nimevaa gauni siku nne."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani walisema kifua, na mimi ndiye niliyeanza kusema. Kaa utulie, foleni inasogea."

Miezi sita ikaisha, na pesa ikaisha nayo. Mwezi wa saba wa dawa ulikuwa wa mavuno tena, mnyapara analipa kwa ndoo na ndoo zinajaa haraka. Restuta alikuwa bado anazungusha ulimi kutafuta namna ya kusema ataenda wiki ijayo, Devota akamkuta mlangoni na kumpa kadi yake ya kliniki.

"Mtu wa miche, tarehe yako leo."

Akaenda. Sista Anjelina alipoona Restuta ana simu mpya, akavuta daftari. "Mama, tubadilishe basi namba. Huwa tunampigia mtu akikosa kufika."

"Iacheni hiyohiyo," Restuta akasema. "Mkinipigia mimi nitawadanganya. Huyo mkimpigia, atanileta."