Siga Nilizopitisha kwa Pua

Siku yangu ya kwanza kiwandani Jinja sikuvuta chochote. Mkaguzi Mkuu, mzee mkali aliyevaa tai hata wakati wa joto, alinipa siga moja, yaani ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi, akaniambia niishike tu mpaka saa ya chakula. "Vidole kwanza," alisema. "Halafu pua. Ulimi inakuja mwisho. Na moshi hapana meza. Unaweka mdomoni, unatoa, unasema kweli."

Hivyo ndivyo tulivyoonja. Unaibinya siga kutafuta palipo laini au pagumu. Unainusa ikiwa baridi. Ukiiwasha, unaigawa sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, kwa sababu ladha hubadilika moto unavyosogea. Majivu yakidondoka mapema, msokotaji amelegeza mkono. Ulimi ukiwashwa, jani halikuvundikwa vya kutosha, yaani halikurundikwa likapata joto na kutoa ukali wake. Ninyi vijana mna mashine za kupima. Sisi tulikuwa na midomo yetu, na mimi nilijivunia sana wangu.

Kila Ramadhani nilifunga, kwa hiyo sikuwasha. Mkaguzi Mkuu aliniruhusu nipitishe kwa vidole na pua peke yake, kisha nitie sahihi kwenye sanduku. Kiwanda kizima kilijua hilo.

Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Ramadhani moja Afande, kamanda wa kambi ya jirani, aliagiza sanduku kwa ajili ya wageni wake. Aliyezisokota siga hizo ni Nambozo, mwanamke wa Mbale, ambaye mkono wake ulikuwa bora kuliko wote. Nikabinya, nikanusa, nikapitisha.

Siku ya pili Afande alikuja na askari wanne na siga iliyovutwa nusu. "Onja," aliniambia. Nikamwambia nimefunga. Akaweka bastola mezani, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe. Nikaiwasha. Koo likaungua, machozi yakanitoka. Nilishtuka: jani bichi, na aliyelipitisha ni mimi.

"Nani alitengeneza hii kitu?"

Nambozo alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu, kichwa ameinamisha. Kosa la jani si la msokotaji, ni la mkaguzi. "Kosa ni yangu, Afande," nilisema. "Sahihi ni yangu." Nilikaa kambini wiki mbili, nikatoka bila meno mawili ya mbele.

Vita vikaja, kiwanda kikafungwa, mashine zikaibwa. Utulivu uliporudi niliitwa Mbale kusimamia ghala la kuchambua tumbaku, kule Malukhu. Siku ya kuajiri watu Nambozo aliingia, kichwa kimejaa mvi. Nilifurahi mno, nikamwandika wa kwanza. Lakini hakuondoka mezani kwangu.

"Mzee, ile jani haikuwa mbaya," alisema. "Mimi nilitia pilipili ndani, katikati. Hao watu wa Afande walichukua bwana yangu kwa rodibloki, pale wanasimamisha magari, hakurudi. Nikangoja Ramadhani, juu nilijua wewe hauwashi."

Nikamwuliza, "Na mimi je?"

"Wewe sikufikiria," alisema. "Nilifikiria bwana yangu tu."

Nilimwacha kazini. Tulichambua tumbaku pamoja hadi nilipostaafu, na hatukulizungumza tena. Sasa naishi Nkoma, hapa hapa Mbale, na daktari amenikataza moshi. Waliosikia habari hii hunisifu kwamba nilimwokoa mwanamke yule. Nawaomba waache. Nilijitwisha kosa kwa sababu niliamini hana hatia. Kama ulimi wangu ungeitambua ile pilipili, nao ulipaswa kuitambua, ningemtaja kwa jina pale pale, Afande hajamaliza hata kuuliza. Nimeishi na jambo hili miaka mingi, na bado linanishtua.