Gitaa Kwenye Wimbo wa Jilo

Leo nimeibiwa nikiwa nimekaa kwa kinyozi, hapa Garsen.

Redio ilikuwa inapiga ule wimbo wa kantri wa rafiki yangu Jilo. Anayeimba ni yeye. Lile gitaa linalolia nyuma ni mimi, nimelilaza mapajani, natelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi.

Wimbo ulipoisha, mtangazaji akamuuliza Jilo, aliyekuwa naye studio, "Gitaa kapiga nani?"

"Mimi mwenyewe."

Na mimi kichwa nusu kimenyolewa, siwezi hata kutoka nje.

Akaulizwa kuhusu ule mlio wa chuma unaosikika ubeti wa pili. Jamani, pale chuma kiliniponyoka kikagonga nyuzi. Niliomba turudie kurekodi, Jilo akakataa.

"Ah, ule ni ufundi wangu."

Mnaomjua, niulizieni. Sifa sawa, achukue.

Hata kosa langu pia?