Hesabu ya Lori la Baba

Nyumba yetu ya kupanga Kitengela ilinuka dizeli, kwa sababu baba hakuwa na ovaroli ya pili ya kubadilisha. Aliendesha lori la mchanga. Muhula ule wa kidato cha tatu tulikuwa tunasoma momentamu, nami nilikuwa na kiburi cha msichana anayepata jibu kabla ya darasa zima. Zidisha uzito wa kila gari kwa mwendo wake, ujumlishe: jumla ya kabla ya kugongana ni sawa na ya baada. Niliona hakuna jambo duniani lisiloingia kwenye mstari huo.

Kisha baba, akitoka Kajiado na mchanga, akagonga pikapu iliyozimika katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia, lakini Jumapili mwenye lori alikuja kwetu kuamua kama atamfuta kazi. Baba alieleza kwamba hakuwa amefika kilomita hamsini kwa saa, na kwamba mara tu alipogonga, magari yakiwa yameshikana, mshale wa spidi ulisoma arobaini. Nikarukia daftari. Uzito wa lori niliujua, tani tano, maana uliandikwa mlangoni. Pikapu nikaipa tani mbili. Nilitaka kumwokoa baba, Mungu ni shahidi wangu. Jibu la mwendo wa lori kabla ya kugonga likatoka hamsini na sita, nami kwa ujinga wangu nikalisoma kwa sauti.

"Hata mtoto wako anasema ulikuwa unakimbia," mwenye lori alisema.

Mama aliniangalia kama hanijui. Baba alilitazama daftari, kisha akatoa funguo za lori akaziweka mezani.

Wiki iliyofuata mwalimu alitupa swali la lori lililojaa, nami nikafungua tena hesabu ya Jumapili ile. Tani tano ni lori tupu! Ukiongeza tani kumi za mchanga, jibu ni arobaini na tano na ushee. Baba alisema kweli. Sikuthubutu kumwambia, na miaka ikapita.

Leo mimi ni mwalimu wa fizikia, naye analinda geti la watu wengine. Nilimwambia mwezi jana, nikilia. Hakushangaa.

"Hiyo mchanga niliikumbuka siku hiyo hiyo," alisema. "Lakini wewe ndiyo ulikuwa umesoma, mami. Nikafikiria kwa vitabu mzigo haihesabiwi."