Pilipili za Mama Zilizolala Markham

Watu wa kanisani kwetu husema kisasi ni cha Mungu. Sawa. Lakini Pasaka ile, nyumbani kwa wifi yangu Markham, nilimwomba Mungu anipishe kidogo, na sikumsikia akinikataza.

Kisa ni pilipili. Usicheke. Mama yangu alikuwa na mti wa pilipili mbuzi nyuma ya jiko lake, Muheza, na nilipokuwa naondoka kuja Kanada alinifungia mbegu kwenye kona ya leso. Mama amekufa, kiwanja kimeuzwa, na aliyekinunua amemwaga zege mpaka ukutani. Kwa hiyo pilipili zile zilibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye ndoo zangu, balkoni ya ghorofa ya tisa, Crescent Town.

Ndoo zenyewe ni zile za mayonezi, naziokota jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nilizitoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yasituame, maana pilipili huuawa na maji kuliko kiu. Mwaka wa kwanza mbegu niliziotesha zote dirishani, theluji ikiwa bado iko nje. Miche sikuitoa kwa pupa. Niliionjesha kivuli, halafu upepo, halafu jua, mpaka ikazoea. Nyuki hawapandi mpaka ghorofa ya tisa, basi maua nayatikisa mwenyewe kwa kidole, na jirani yangu Mkongo akiniona ananicheka eti naozesha mabinti. Baridi ikikaribia napunguza matawi, naingiza ndoo ndani, mti unalala mpaka mwaka unaofuata. Kila sherehe watu walikuwa wakiuliza achari yangu iko wapi, na jambo hilo wifi lilimkera waziwazi.

Mwaka juzi wenye jengo wakatangaza kwamba wanatengeneza balkoni, kila mtu atoe vyake, na dirisha la sebule wataliziba kwa mbao hadi kazi iishe. Bila mwanga mti haulali, unakufa. Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, ana chumba cha vioo nyuma ya nyumba, jua tangu asubuhi. Mume wangu akasema tumpelekee yeye. Nilisita, kwa sababu wifi huyo ni wa kukwambia karibu huku amesimama katikati ya mlango. Lakini ningefanyaje? Nikazipeleka ndoo zote nne, nikamweleza: maji kidogo, zikae mbali na mlango, hizi ni za mama, sina nyingine. Akasema nisimfundishe, kwani yeye hajawahi kulima?

Katikati ya baridi nikampigia simu. Akaniambia zimekufa zote, baridi imezipiga, ameshazitupa pamoja na ndoo. Akaongeza kwamba pilipili madukani zimejaa, nikanunue. Mbegu za akiba sikuwa nimeweka hata moja, maana mti ulikuwa hai, nani anayemwandalia sanda mtu mzima? Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikaenda kuwalisha wazee uji. Wifi sikumlaumu. Mmea hufa.

Pasaka akatualika. Nyumba imejaa: watu wa kanisani, Wakenya anaofanya nao kazi, pilau mpaka kwenye ngazi. Nikapeleka sahani chumba cha vioo, nikaiona. Ndoo yangu moja, mpini wake nilioufunga waya mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe, na ndani yake mti wa mama umesimama kama bibi harusi, umebeba. Nyingine sijui alizipeleka wapi. Kabla sijapumua, wifi akaingia na wageni nyuma yake, akawatangazia kwamba hizo ni pilipili za marehemu mama yake, na mbegu alikuja nazo mwenyewe.

Mama yake! Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, pilipili alikuwa haigusi, tumbo lilimkatalia. Nikamtazama mume wangu. Akajifanya simu yake inaita.

Ningeweza kupiga kelele. Lakini ambaye angeonekana mkorofi ni mimi, mke wa kaka anayegombea mti kwenye sikukuu ya watu. Nikatabasamu. Ukoo wa mume wangu una desturi: tunda la kwanza la mti huonjwa na mwenye mti, zima, mbele ya watu, ndipo wageni wapewe. Ni kuonyesha kwamba hakuna kinyongo ndani yake. Na wifi ndiye mlinzi wa mila za kwao. Siku ya harusi yangu alinikosoa mpaka namna ya kupiga magoti. Nikachuma moja, nyekundu, nono, nikamwekea kiganjani.

"Wifi," nikasema, "mwenye mti huonja kwanza. Au huu si mti wa mama?"

Wageni wakapiga makofi. Akanitazama, akajua kwamba ninajua. Kukataa kungekuwa kukiri. Akaitia yote mdomoni, akatafuna. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilimwonyesha ngazi tu.

Pilipili ile haina haraka. Kwanza wifi alitabasamu. Halafu macho yakajaa, kamasi zikaanza, akakimbilia jikoni, nami nyuma yake kama wifi mwema. Mtu akamletea maji, akanywa, moto ukazidi, maana maji huusambaza tu mdomoni. Dawa yake ni maziwa. Nikafungua friji, nikatoa pakiti, nikaishika. Moyo wangu ulikuwa mweupe pee. Nilikuwa naona raha, na sitaki kudanganya.

"Mbegu za nani?" nikamuuliza.

Akanyoosha mkono kwenye maziwa. Nikayarudisha kifuani.

"Za mama yako," akasema, mate yakimchuruzika.

Kule kwenye vioo watu walikuwa bado wanausifia mti.

"Kule hawajasikia, wifi. Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti, mpaka mazungumzo yakakatika kule. Nikammiminia nusu glasi, nikaenda kuchukua ndoo yangu.