Neno la Mwisho Lilikuwa Langu

Ile karatasi ya makubaliano niliiandika mwenyewe, na kiburi changu chote kimo ndani: wakibishana kuhusu ubora wa mahindi, mkaguzi atapima, neno lake litakuwa la mwisho, na hakuna wa kulipinga. Mkaguzi ni mimi. Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, chama cha ushirika kiliniachisha kazi, nami nilitaka Ufipa nzima ijue kwamba bado sijaisha.

Waliokubaliana walikuwa mjane wa kijiji cha jirani na mnunuzi wa Mazwi. Yule mama atoe mahindi makavu, mnunuzi alete mabati ya kuezekea nyumba ya mama kabla ya mvua. Mabati yalifika. Mnunuzi akatia mkono kwenye gunia, akadai mahindi ni mabichi. Nikaitwa.

Nilitia mahindi na chumvi kwenye chupa kavu, nikatikisa. Mahindi yakiwa makavu, chumvi haigandi kwenye kioo. Iliganda. Nikatangaza kwa ile sauti yangu ya ofisini: hayajakauka. Lori likageuza na mabati yake.

Kesho yake mke wangu alikuwa akiunga maharage, chumvi ikatoka kwenye kopo donge zima.

"Tangu mawingu yaanze inalowana hivi," alisema.

Chumvi ya kupimia niliichota kwenye kopo hilohilo, na mimi, mkaguzi mzima, sikuikausha kwanza.

Nikapanda baiskeli hadi Mazwi. Mnunuzi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanitolea ile karatasi.

"Mzee wangu, soma mwandiko wako. Hakuna wa kulipinga. Hata wewe."

Mabati alikuwa ameshayapeleka Matai, kwa mahindi ya mtu mwingine. Nilisoma ile karatasi mara tatu nikitafuta pa kutokea. Nilikuwa nimeiandika vizuri mno. Nilijichukia.

Nilimkuta mama akiongeza nyasi kwenye paa lake bovu, manyunyu yameshaanza.

"Shikamoo, mama. Nilikosea. Mahindi yako yalikuwa makavu."

"Marahaba. Najua, baba," alisema, mikono ikiendelea na kazi. "Niliyatafuna kabla hamjafika. Yalikuwa yanapasuka mdomoni."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye nisiyejua kusoma.

"Ningesemaje? Nilikuwa nimeshaweka dole gumba kwenye karatasi yako."